Mfungwa wa Zamani au Raia Aliyerejea? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Majina Tunayowaita Waliotoka Gerezani

Suala lenyewe ni lipi, na lilianzia wapi?

Suala ni kama kubadilisha maneno tunayowaitia watu waliomaliza vifungo kunawasaidia kurudi katika maisha ya kawaida, yaani kupata kazi na chumba cha kupanga, kuoa au kuolewa, na kuketi katika kikao cha mtaa bila watu kunong'onezana. Jambo hili limejadiliwa kwa urefu zaidi, na kutolewa maagizo rasmi ya serikali, nchini Marekani, kwa hiyo sehemu kubwa ya majibu yaliyomo humu inatoka huko.

Mmoja wa waliolianzisha ni Eddie Ellis, aliyekaa magerezani katika jimbo la New York kwa zaidi ya miaka 20 na ambaye, baada ya kutoka, aliwaandikia marafiki wa harakati zake barua ya wazi akiwaomba waache kuwaita yeye na wenzake kwa majina ya hatia na ya kifungo, wawaite watu. Ombi lake lilikuwa hilo tu. Mwaka 2016 Karol Mason, aliyekuwa akiongoza kitengo cha programu za haki katika Wizara ya Sheria ya Marekani, alitangaza kwamba kitengo hicho hakitatumia tena katika mawasiliano yake maneno ambayo sisi tungeyatafsiri kuwa "mhalifu" na "mfungwa", na kwamba badala yake kitasema "mtu aliyetenda kosa" na "mtu aliyewahi kufungwa". Mwaka huo huo idara ya magereza ya Pennsylvania ilianza kuwaita wanaotoka "warejea", na ile ya jimbo la Washington ikawaagiza wafanyakazi wake kuwaita waliomo ndani "watu binafsi", au "wanafunzi" wakiwa darasani na "wagonjwa" wakiwa zahanati. Mwaka 2019 madiwani wa San Francisco walipitisha azimio la aina hiyo, ambalo halikuwa na nguvu ya kisheria.

Neno linawezaje kumrudisha mtu kwenye uhalifu?

Hoja hii ni ya zamani kuliko maagizo hayo. Mwaka 1938 msomi wa Marekani Frank Tannenbaum, ambaye mwenyewe aliwahi kufungwa ujanani kwa sababu ya harakati za wafanyakazi, aliandika kwamba mtoto anayeshikwa kwa utundu akatangazwa hadharani kuwa mwovu hujikuta amefungiwa milango ya wenzake wema, na hatimaye huingia kwenye mlango pekee uliobaki wazi. Mwanasosiolojia Edwin Lemert aliipanua hoja hiyo mwaka 1951, na mwenzake Howard Becker akaipa umaarufu mwaka 1963 aliposema kwamba ukaidi, yaani kukiuka kanuni za jamii, hauko ndani ya kitendo chenyewe pekee, bali pia katika jina ambalo wenye uwezo wa kutoa majina wamelibandika juu yake.

Baadaye mtafiti wa uhalifu Shadd Maruna alikwenda Liverpool, Uingereza, akawasikiliza watu wenye historia ndefu za makosa, baadhi yao wakiwa wameacha na wengine wakiendelea. Hali zao za maisha zilifanana sana, lakini namna walivyojisimulia ilitofautiana. Waliokuwa wakiendelea walijiona kama watu waliokwisha kuhukumiwa na maisha, wasio na la kufanya, ilhali walioacha walisimulia kwamba ndani yao daima palikuwapo mtu mwema aliyepotea njia, na kwamba sasa mtu huyo ametoka nje. Ukiisoma kazi hiyo kwa makini utaona kwamba jina ambalo mtu anajiita mwenyewe ndilo lenye uzito wa kwanza, na kwamba majina ya watu wengine hulilisha au huliua hilo.

Kuna ushahidi wowote, au ni nadharia tu?

Upo, na ulio bora ninaoufahamu unatoka Florida, kwa sababu ya sheria moja isiyo ya kawaida. Jaji wa jimbo hilo anaweza kumkuta mtu na hatia ya kosa kubwa la jinai, au kupokea kukiri kwake, akampa adhabu ya uangalizi nje ya gereza, na bado akazuia kutamkwa rasmi kwamba mtu huyo ametiwa hatiani. Kosa ni lile lile na masharti ya uangalizi ni yale yale, lakini mmoja anatoka mahakamani akiwa na jina la kisheria la mhalifu na mwenzake anatoka bila jina hilo. Asiye nalo habanwi na vizuizi vya kura na vya baadhi ya leseni za kazi, na akiulizwa na mwajiri kama amewahi kutiwa hatiani anaweza kujibu hapana bila kusema uongo.

Watafiti wanne wakiongozwa na Ted Chiricos walifuatilia watu 95,919 wa makundi hayo mawili, na matokeo yao yalitoka mwaka 2007. Waliobandikwa jina walirudia makosa zaidi ndani ya miaka miwili kuliko wasiobandikwa, hata baada ya kuzingatia umri, aina ya kosa na historia ya kila mmoja. Athari ilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake, kwa Wazungu, na kwa watu waliofikisha miaka 30 bila kuwahi kutiwa hatiani. Ni kana kwamba jina humwumiza zaidi yule aliyekuwa na jina jema la kupoteza.

Msomaji mwangalifu atasema kwamba majaji hawagawi huruma kwa bahati nasibu, na kwamba huenda waliwazuilia jina wale walioonekana tangu mwanzo kuwa na dalili njema. Pingamizi hilo ni la haki na takwimu haziwezi kulimaliza lote. Hata hivyo, kwangu mimi somo kuu la Florida liko mahali pengine: kilichobadilishwa pale hakikuwa neno la mdomoni. Lilikuwa neno la kwenye faili, ambalo lina funguo za milango halisi. Hakuna aliyeamriwa kumwita mtu huyo kwa upole. Jirani angeweza kumwita apendavyo, lakini karatasi ilikuwa upande wake.

Je, neno la kusemwa tu, lisilobadilisha faili, lina athari?

Lina athari ndogo, inayoonekana zaidi kwa msikilizaji. Mwaka 2017 mtafiti Megan Denver na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia Wamarekani wa kawaida, ambapo watu wenye historia ya makosa walielezwa kwa wengine kwa jina linalotanguliza kosa na kwa wengine kwa maneno yanayotanguliza utu. Jina la kosa liliwafanya wasikilizaji waone hatari kubwa zaidi ya kurudia, hasa pale kosa lilipokuwa la kutumia nguvu.

Lakini kuogopa kidogo zaidi au kidogo pungufu katika dodoso ni jambo moja, na kumpa mtu kazi ni jambo lingine. Mwanasosiolojia Devah Pager aliwatuma vijana wa kiume kuomba kazi za kima cha chini mjini Milwaukee, wakiwa wameandaliwa wafanane kwa elimu na uzoefu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Kati ya Wazungu, waliojieleza kuwa hawana rekodi waliitwa tena kwa asilimia 34, na waliojieleza kuwa wamewahi kufungwa kwa kosa la dawa za kulevya kwa asilimia 17. Kati ya Weusi ilikuwa asilimia 14 na asilimia 5. Mzungu aliyetoka jela, kwa maneno mengine, aliitwa zaidi kuliko Mweusi ambaye hajawahi kuona lango la jela, na sidhani kuna mtu anayeweza kudai kwamba waajiri hao wangefanya tofauti sana kama fomu ingesema "mtu aliyewahi kufungwa" mahali pa "mfungwa wa zamani".

Basi si afadhali rekodi yenyewe isiulizwe kabisa?

Hilo limejaribiwa, na limeleta matokeo ambayo wengi hawakuyatarajia. Kuanzia Hawaii mwaka 1998, majimbo na miji mingi ya Marekani imepiga marufuku kile kisanduku kidogo kwenye fomu ya kuomba kazi ambacho mwombaji hutakiwa kukiwekea alama ya vema ikiwa amewahi kutiwa hatiani. Mwajiri anaruhusiwa kuuliza baadaye, akishamwona mtu na kumsikia.

Watafiti Amanda Agan na Sonja Starr walituma maombi ya kubuni yapatayo 15,000 huko New Jersey na New York, kabla na baada ya marufuku hiyo. Kabla yake, katika kampuni zilizokuwa na kisanduku, waombaji wenye majina ya Kizungu waliitwa kwa asilimia 7 zaidi ya wenye majina ya Weusi waliofanana nao. Baada ya kisanduku kuondolewa, pengo liliruka hadi asilimia 43. Mwajiri aliyenyimwa taarifa kuhusu mtu mmoja mmoja aliamua kukisia kwa kundi zima, na kijana Mweusi asiye na doa akapoteza ushahidi pekee aliokuwa nao wa kuonyesha kwamba hana doa.

Sitoi mfano huu ili kuitetea fomu ya zamani. Nautoa kwa sababu unaonyesha kwamba lebo ikibanduliwa mahali pamoja, hofu iliyoibandika huenda ikatafuta pengine pa kuibandika, na huko mara nyingi hukutana na mtu ambaye hakuhusika kabisa.

Jina la "raia anayerejea" lina kasoro gani?

Ni jina zuri mahali ambapo ni la kweli. Mji mkuu wa Marekani, Washington, una ofisi ya meya inayoshughulikia "raia wanaorejea", na tangu mwaka 2020 hata walio gerezani kwa makosa makubwa wanaweza kupiga kura katika mji huo. Florida, kwa upande wake, ilikuwa ikiwanyima kura maisha yote waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa, isipokuwa wale waliosamehewa mmoja mmoja. Mwaka 2018 wapiga kura wa jimbo hilo, karibu asilimia 65 yao, waliirekebisha katiba ili wengi wa watu hao wapate haki yao baada ya kutumikia adhabu, kisha mwaka 2019 bunge la jimbo likaweka sharti kwamba lazima kwanza walipe faini na gharama zote za mahakama. Kumwita mtu raia anayerejea huku kura yake imeshikwa rehani kwa deni ni adabu ya mdomoni tu.

Kasoro nyingine ni kwamba si kila atokaye gerezani ni raia. Wako wahamiaji wanaotoka langoni na kupelekwa moja kwa moja kurudishwa makwao, na hilo si jambo geni kwa familia zenye ndugu Marekani na Ulaya.

Kenya inafaa kulinganishwa hapa. Katiba ya 2010 haimwondolei mtu haki ya kujiandikisha kupiga kura kwa sababu tu ya kufungwa. Inamzuia aliyetiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia. Wafungwa walipiga kura katika kura ya maoni iliyoizaa katiba hiyo hiyo. Hakuna aliyewatungia jina jipya, na bado walihesabiwa kuwa raia.

Je, majina mapya hayachakai na kuwa matusi kama ya zamani?

Mengi huchakaa. Wanaozungumza Kiswahili wana uzoefu wa kutosha hapa, hata kama hawakuupata kwa suala la magereza. "Kilema" lilimweka mtu katika ngeli ya vitu. Likaja "mlemavu", ambalo angalau lilimrudisha kwenye ngeli ya watu. Kisha likaja "mtu mwenye ulemavu", ambalo ndilo lililotumika katika sheria ya Tanzania ya mwaka 2010. "Zeruzeru" limeachiwa nafasi na "mtu mwenye ualbino". "Mwathirika wa UKIMWI" amekuwa "mtu anayeishi na VVU". Kila badiliko lilikuwa na maana, lakini katika hilo la mwisho ninaamini kwamba dawa za kupunguza makali zilifanya kazi kubwa kuliko neno, kwa sababu jirani alianza kumwona mtu yule yule akienda shambani na kurudi, mwaka baada ya mwaka.

Wakati huo huo viziwi wa Tanzania wameendelea kujiita viziwi, na chama chao ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Hawakuhitaji jina refu. Jina likishikwa na wenyewe hubadilika uzito hata lisipobadilika herufi.

Kiswahili chenyewe kinawaitaje watu hawa?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko linavyostahili. Neno "mfungwa" limejengwa kwa kitenzi katika kauli ya kutendwa: linasema mtu alifanyiwa nini, halisemi yeye ni nani. Anayefungwa hufunguliwa, na akifunguliwa neno limekwisha kazi yake. Lilinganishe na "mwizi", ambalo muundo wake unadokeza mazoea, kana kwamba kuiba ni tabia au fani ya mtu. Mtu aliyeiba baiskeli mara moja mwaka 2009 ni "aliyeiba". Ukimwita "mwizi" leo umeufuta wakati uliopita na kumweka katika kitendo kisichokoma. Tofauti ambayo Karol Mason alihitaji tangazo zima kuieleza, sisi tunayo katika kiambishi kimoja cha wakati: "aliyeua" na "muuaji", "aliyeghushi" na "mghushi". Wanahabari wetu wangeweza kuitumia bila agizo la mtu yeyote.

Biblia ya Kiswahili nayo, katika Mathayo 25, inasema "nalikuwa kifungoni, mkanijia". Kifungoni ni mahali na ni muda, na mtu huingia hapo na kutoka.

Lugha ya mitaani ina mambo yake. Tanzania kifungo huhesabiwa kwa mvua, na mtu aliyefungwa miaka saba "amekula mvua saba", usemi wenye dhihaka kidogo lakini unaokubali kwamba mvua hunyesha na kukatika. Kenya wanazungumzia sare ya mistari iitwayo kunguru, na hiyo ni lebo ya kuvaliwa mwilini, ambayo kwa bahati hubaki stoo mtu akitoka.

Kosa kubwa zaidi katika mazungumzo yetu, kwa maoni yangu, ni kumchanganya mahabusu na mfungwa. Mahabusu anangoja kesi yake na mara nyingine huachiwa huru baada ya miezi au miaka, kisha mtaani husemwa "katoka jela" kwa sauti ile ile anayosemewa aliyehukumiwa kwa ujambazi. Magazeti yanayoandika "majambazi wanaswa" siku ya kukamatwa yamekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu kulifungua jalada.

(Neno "gereza" lenyewe, wanaisimu wengi hulifuata hadi kwenye neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilikuwa gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, na leo ni makumbusho na urithi wa dunia. Jengo limeruhusiwa kuendelea na maisha yake.)

Je, kulainisha majina si kuwadharau waliodhulumiwa?

Inaweza kuwa hivyo, na wasiwasi huu usipuuzwe. Azimio la San Francisco lilipendekeza, miongoni mwa mengine, usemi ambao kwa Kiswahili ungekuwa "mtu aliyehusika na mfumo wa haki". Usemi huo unamhusu polisi, unamhusu karani wa mahakama, na unamhusu pia mama aliyevunjiwa duka usiku akaenda kutoa ushahidi. Neno linalomweka aliyevunja na aliyevunjiwa katika chungu kimoja limeficha kitendo, na aliyetendewa ana haki ya kukasirika.

Ndiyo maana napendelea maneno yanayotaja kosa na wakati wake waziwazi. "Aliyemjeruhi jirani yake mwaka 2011 na kutumikia kifungo cha miaka minne" ni maneno marefu, lakini hayamnyang'anyi mwathirika ukweli wake wala hayamnyang'anyi mwenzake kesho yake. Wanaotafuta neno moja la kuwatosheleza wote wawili wanatafuta kisichokuwepo.

Mwajiri hana haki ya kujua?

Anayo, ila haki hiyo inaweza kuwekewa mwisho. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1974 inayosema kwamba hukumu nyingi, baada ya kupita muda uliowekwa bila kosa jipya, huhesabiwa kuwa zimemalizika, na mhusika hutendewa kisheria kama mtu ambaye hakutenda kosa hilo. Kwa kazi nyingi halazimiki kulitaja. Kazi za kulea watoto, za hospitali na nyingine nyeti zimetengwa, na hukumu nzito kabisa hazimaliziki. Huo ni ubadilishaji wa jina unaofanywa na kalenda, nao una faida kwamba unamtuza mtu kwa jambo ambalo amelifanya mwenyewe, yaani miaka ya kukaa vizuri.

Kwetu Afrika Mashariki lebo inayohesabika zaidi ni cheti cha polisi cha tabia njema, ambacho Kenya hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai baada ya kuchukua alama za vidole, na ambacho waajiri wengi na balozi nyingi hukidai. Anayetaka kuwasaidia waliotoka gerezani kwa dhati angeanza na maswali kuhusu cheti hicho: hukumu ndogo ya ujanani ikae humo miaka mingapi, na nani awe na mamlaka ya kuiondoa. Hayo ni maswali ya bunge na wanasheria, na hayavutii macho kama tangazo la neno jipya.

Msamaha wa Rais nao hubadilisha jina la mtu?

Humfungulia lango, jambo ambalo si dogo. Tanzania imezoea kutoa msamaha katika sherehe za Uhuru tarehe 9 Desemba na za Muungano tarehe 26 Aprili, na aliyetoka kwa njia hiyo hupokelewa nyumbani kwa vigelegele. Vigelegele hivyo huisha kwa kawaida ndani ya wiki moja, na Jumatatu inayofuata anahitaji mtu wa kumdhamini kwenye kibanda cha biashara.

Wenyewe wanapenda kuitwaje?

Hawakubaliani. Mwaka 2015 chombo cha habari cha Marekani kinachoandika kuhusu magereza, The Marshall Project, kiliwauliza wasomaji wake, wakiwemo waliokuwa ndani na waliotoka, na kikapata majibu zaidi ya 200. Asilimia 38 walipendelea "mtu aliyefungwa", asilimia 23 walisema neno la kawaida la "mfungwa" linawatosha, na karibu asilimia 10 waliridhika hata na neno la Kiingereza "inmate", ambalo wanaharakati hulichukia zaidi. Waliobaki walitaka jambo lingine, na baadhi yao waliandika tu "mwanamume au mwanamke".

Basi nimwiteje jirani yangu aliyerudi mwezi uliopita?

Kwa jina lake, au kwa namna ulivyokuwa ukimwita kabla hajaenda: kaka, shangazi, Baba Fulani, fundi. Ikiwa alikuwa fundi seremala na una mlango wa kutengeneza, mpelekee.